Kadari na Chupa ya Mafuta ya Taa



Kila zinapotajwa kanuni za usalama wa watoto nyumbani, nasikia hoja mbili. Ya kwanza: ajali ni kadari ya Allah, na kanuni ni mambo ya Wazungu. Ya pili: sisi wa Namuwongo tunaishi kwenye muzigo, chumba kimoja, na kanuni hizo zimeandikiwa wenye jiko lenye mlango.

Hoja ya kwanza haisimami. Nyumba iliungua Madina usiku na wenyewe wamo ndani, na Mtume (S.A.W.) akaagiza moto uzimwe kabla ya kulala. Katika hadithi ya Jabir aliagiza pia milango ifungwe, vyombo vifunikwe, watoto wazuiwe ndani giza linapoingia, na akataja illa: panya huweza kuvuta utambi akawachoma wenye nyumba. Haya yamo katika Bukhari na Muslim. Imam Nawawi alifafanua kuwa taa iliyotundikwa pasipo hofu ya kuunguza haina ubaya, kwa kuwa illa imeondoka. Basi illa ikiwapo, hukumu ipo, hata kama leo si utambi bali ni sigiri inayoingizwa ndani usiku wa mvua. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hapo hata panya hahitajiki.

Hoja ya pili ina nguvu, na wengi wetu tunaipita haraka. Ninapofundisha madrasa karibu na reli naona sigiri mlangoni na mtoto anatambaa kando yake. Upande huu treni, upande ule mtaro wa Nakivubo. Mama huyu apikie wapi? Sheria haimtwiki mtu asichokiweza.

Lakini yapo yasiyotaka hata shilingi. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda, maana mtoto anajua soda tu. Akiyanywa asitapishwe, akimbizwe hospitali. Hilo linamlazimu kila mzazi.

Yanayotaka pesa yanamwendea mwenye pesa. Kibanda cha kupikia na mfuniko wa shimo la choo ni juu ya mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi. Kanuni ya fiqhi ya kutodhuru wala kudhuriana haikuwekewa wapangaji peke yao. Baadhi ya wenye nyumba hao tunaswali nao Ijumaa, na Ramadhani tunawaomba mchango wa futari. Naona kamati yetu ya daawa ianze kwao, kabla ya kuwapelekea akina mama vipeperushi.