Begi Liko Nyuma ya Kaunta

Mwaka jana, siku chache kabla ya tarehe 30 Juni, mama alikuja Nairobi akaniomba laptopu ajaze fomu zake za ushuru za KRA. Nikamwambia, "Ngoja kidogo mama, inasumbua." Haikuwa inasumbua. Niliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikafuta historia, nikafuta kuki zote, za tangu siku ya kwanza. Ndipo nikampa.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi saba awali na yeye hakujua. Kila nikifungua ukurasa wa wanafunzi ulikuwa unanipokea kwa jina, na chini ya jina, deni la karo. Sikutaka umpokee yeye.

Wengi wetu hufuta kuki bila kujua ni nini hasa. Simu yangu, kwa Kiswahili chake, inaziita vidakuzi, na mimi kila nikilisoma jina hilo nasikia udaku ndani yake. Lakini mwanzo wake haukuwa udaku. Wavuti uliundwa ukiwa msahaulifu: ukifungua ukurasa, seva inakujibu; ukifungua mwingine, haikujui tena. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, akatafuta njia ya duka la mtandaoni kukumbuka mteja ameweka nini kikapuni. Jibu lake lilikuwa rahisi. Seva inakipa kivinjari chako kijikaratasi chenye maandishi machache, nacho kinakionyesha kila kinaporudi pale.

Kama umewahi kuingia supamaketi na begi mgongoni, mambo haya unayajua. Unaliacha kwa kaunta, unapewa namba. Begi halimo ndani ya ile namba. Ukiitupa nje kwa pipa, anayehudumu pale hatakutambua, na begi litabaki palepale alipoliweka.

Kufuta kuki ni kuitupa namba. Utaulizwa neno la siri upya, lugha uliyochagua itapotea, pengine na kikapu chako pia, na kile kidirisha cha "Kubali zote" kitarudi kukuchosha hadi ukubali. Lakini ulichonunua, ulichoandika na unachodaiwa viko kwenye seva, na huko mkono wako haujafika.

Sisemi kufuta ni kazi bure. Ukitumia kompyuta ya saiba ukaondoka hivihivi, umemwachia anayekufuata mlango wazi. Na kuna kuki za watu usiowajua, kampuni za matangazo zilizojibandika kwenye kurasa nyingi, zinazokufuata kutoka viatu hadi habari hadi mapishi. Ukizifuta, unakata uzi wao, angalau mpaka wakufunge mwingine. Hao sioni nina deni gani nao. Waliniomba ruhusa nikiwa nimechoka, na kitufe cha kukataa wakakificha.

Kwa hivyo swali langu si kama ni sawa kufuta. Nauliza: aliyeshika begi ni nani, na lilimfikiaje?

Mama ana daftari. Ameandika humo kila shilingi aliyotoa tangu muhula wa kwanza: karo, kodi ya chumba, mkopo wa chama, mbuzi wawili waliouzwa. Siku ile alimaliza fomu zake, akasema asante mwanangu, akafunga laptopu. Hakuona kitu. Nami badala ya kupumua nilijiona mwizi, kwa sababu nilijua daftari liko nyumbani, kabatini, na ndani yake mimi bado ni mwanafunzi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zifutwe. Neno ninalolipenda hapo ni kuomba. Lazima uende kwa mwenye kuzishika, useme wewe ni nani na unataka nini. Hata sheria inajua huwezi kusahaulika ukiwa peke yako chumbani umefunga mlango.

Nilimwambia mwezi wa nane, jikoni, akichambua sukuma. Nilisema yote. Alinyamaza muda mrefu, manze, hadi nikatamani anigombeze. Kisha akauliza, "Na mkopo wa chama nimelipa wa nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Marafiki wananiambia niachane na yaliyopita, mtu ana haki ya kuanza upya. Nakubali anayo. Lakini kuanza upya kwa kutupa namba kunamwacha mwenzako amesimama kaunta na mzigo ambao hajui ampe nani.

Siku hizi ninapolipwa makala namtumia elfu mbili. Ananipigia kusema zimefika, na kwa simu nasikia kurasa zikifunuliwa. Hajafuta mstari hata mmoja wa zamani, na sijamwomba afute. Anaandika mpya chini yake.