Nani Akufungulie Mlango?

Kijana amalizapo masomo ya sheria katika Iniversite ya Lubumbashi, wazee wa nyumbani hawamwulizi amejua nini. Humwuliza: «Una mtu?» Maana yao: je, unaye ndugu au rafiki mwenye cheo wa kukusukuma uingie kazini? Hapa Karavia, kando ya ziwa na hoteli kubwa, swali hilo halishangazi mtu, kwa kuwa wakubwa hukaa karibu na magari yao hupita mbele yetu kila siku.

Tuulize basi bila kuogopa, msomaji mpenzi: ni vibaya kupata kazi kwa neno la mtu?

Wengine hujibu upesi kwamba ni vibaya. Sisi hatusemi hivyo. Mwalimu aliyesahihisha kazi zako miaka mitatu aweza kuandika kwamba wafikiri vizuri na kwamba hukuiba mtihani. Huo ni ushuhuda, na msomaji wa sheria ajua kwamba ushuhuda wa kweli si kosa. Lakini neno la mjomba lisemalo tu: «Huyu ni mtoto wetu, mwingizeni», halishuhudii kitu. Lafuta jina la mwingine katika orodha ili lako liandikwe. Na huyo mwingine naye ana mama.

Tena laacha deni. Seremala akiingia kazini kwa deni, meza yake itasimama au itaanguka, na watu wote wataona. Kazi ya sheria si hivyo. Mwamuzi mwenye deni hupotosha hukumu kwa Kifaransa kizuri, na maskini aliyeshindwa hajui hata ameibiwa wapi. Kwa hiyo asiulize tu nani atamfungulia mlango. Aulize pia nani hataweza kumkatalia kesho.

Zamani kazi yenyewe iliwatafuta watu. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, waamuzi wa mabaraza makubwa ya Serikali walikuwa Wazungu, na mwaka 1961 ikafunguliwa shule ya pekee Léopoldville ili Wakongo wafundishwe upesi. Marcel Lihau, mmojawapo wa Wakongo wa kwanza kusoma sheria, aliwekwa kuwa mkubwa wa kwanza wa Baraza Kuu la Hukumu mwaka 1968, wakati wa utawala wa Mobutu. Mwaka 1975 alikataa kutekeleza adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana, akaondolewa. Alipewa cheo, lakini hakuuza «hapana» yake ili akipate.

Leo njia ni nyembamba. Atakaye kuwa avoka sharti afanye staji ya miaka 2 chini ya avoka mwenye uzoefu, kwa sheria ya mwaka 1979, na mara nyingi hapewi mshahara, ila feza ya teksi, au hata hiyo hapewi. Atakaye kuwa mwamuzi angojee mtihani wa mashindano, nao haufanyiki kila mwaka. Wengine hutazama kampuni za shaba na kobalti, lakini huko nako nafasi ni chache.

Kijana asiyepanga atakula nini miaka hiyo miwili, tumbo litampangia. Mtu wa kesi humpa feza ya kulipa barazani, naye, mwenye nyumba akiwa mlangoni, hukata nusu na kusema moyoni: «Nitarudisha.» Harudishi. Hivyo ndivyo wengi huanza, wala si kwa kupenda utajiri. Basi kabla ya kuandikisha jina aketi na wazazi, wahesabu pango, teksi, suti na ile kanzu nyeusi (nayo si rahisi!), waseme kila kitu kitatoka wapi: saa chache za kufundisha, shamba la mahindi wakati wa mvua, yaya anayekubali kumlaza nyumbani kwake. Deni la ndugu lililohesabiwa mezani ni jepesi kuliko la siri. Akiona haiwezekani, aanze kwanza na kazi nyingine, staji haitakimbia.

Mama atasema: «Mkono mtupu haulambwi. Niliuza vitenge vyangu usome, nawe wakataa neno la mjomba wako?» Mama asema kweli juu ya vitenge, na kijana asimjibu kwa kiburi cha shule. Aende kwa mjomba mwenyewe, amsalimu, aketi, amwambie kwa heshima: «Mjomba, usiombe nipewe kazi. Waombe wasome karatasi zangu pamoja na za wengine, wanipime.» Wajomba wengine watacheka. Wengine watakasirika, na kijana atangoja mwaka mwingine huku wenzake wakimpita. Afadhali aambiwe jambo hilo sasa, angali shuleni.