Je, Hofu ni Shahidi?

Wako ndugu zetu waliopimwa damu, wakaambiwa hawana virusi vya Ukimwi, nao hawasadiki. Hurudi mara ya tatu, hata ya nne. Kila kikohozi (na masika havikosi) kwao ni ushahidi. Twauliza: je, huku ni kujihadhari? Kweli, kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, nazo huchelewa kutokea katika damu. Ndiyo sababu mtu huambiwa arudie miezi 3 baada ya hatari. Lakini miezi hiyo ikiisha pasipo hatari mpya, jibu ni jibu. Virusi havipiti kwa kikombe, wala kwa mkono, wala kwa mbu. Hofu haikuiona damu, kipimo kimeiona. Tena asiyesadiki hateseki peke yake: mtoto wake hulia apakatwe, naye humwepuka, asije akamwambukiza ugonjwa asio nao.