Deni la Jina

Mwaka 2003, hata kabla toleo jipya la Battlestar Galactica halijaonyeshwa, wapenzi wengi wa lile la 1978 walikuwa wameshalikasirikia. Starbuck, rubani waliyemzoea akiigizwa na Dirk Benedict, alikuwa amefanywa mwanamke, na nafasi hiyo amepewa Katee Sackhoff. Benedict mwenyewe aliandika makala kali ya kulalamika. Baadaye tamthilia hiyo hiyo ikasifiwa sana, ikapata hata tuzo ya Peabody. Mwaka 2009 V, hadithi ya wageni kutoka angani iliyotoka 1983, nayo ikarudishwa. Hiyo haikuvuka msimu wa pili. Basi hasira ya wapenzi haitoshi kupima ubora wa kazi. Mara huona mbali, mara hukosea.

Hata hivyo inazua swali. Kazi ya kale haikuguswa. Vipindi vya 1978 vipo, na anayevitaka atavitazama mpaka alfajiri. Hakuna aliyeibiwa kitu. Kwa nini basi mtu alalamike kama aliyenyang'anywa?

Visiwa vya Lamu vina uzoefu wa swali hili, ingawa si kwa vyombo vya angani. Fumo Liyongo huenda ndiye mhusika wa Kiswahili aliyeundwa upya mara nyingi kuliko wote. Zipo tungo zinazosemwa ni zake mwenyewe. Ipo takhmisi inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi. Upo utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Kisha vikaja vitabu vya shule. Kila mmoja ameongeza lake na kupunguza la mwenzake. Lakini simulia barazani Mkomani, mtaa wa Lamu, kwamba Liyongo aliuawa kwa kisu, uone kama utaachwa ufike mwisho. Utakatizwa: ni sindano ya shaba, tena ya kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Utakumbushwa na kisima pia: kwamba alitoka na jeraha lake, akapiga goti karibu na maji, mshale u upindeni, akakata roho vivyo hivyo, na watu wakakaa na kiu wakidhani yu hai.

Kurefusha karamu za hadithi hiyo, ruksa. Kumwongezea mama yake Liyongo maneno ya uchungu, ruksa. Sindano haiguswi, wala si kwa sababu shaba ni bora kuliko chuma. Sindano ndiyo iliyobeba fikra ya hadithi nzima: asiyewezwa na jeshi huwezwa na siri yake, na siri huijua wa nyumbani. Mtie mwanawe kisu mkononi, utabaki na mauaji ya kawaida.

Hapo ndipo linapoanza kueleweka lalamiko la mpenzi. Jina la kazi inayopendwa ni mali ya pamoja. Ukisema Liyongo mbele ya wanaomjua, huhitaji kueleza. Wenzako wanajaza yaliyobaki. Toleo jipya likishatamalaki, jina lile lile linamletea kijana picha nyingine, na mzee anajikuta akizungumza peke yake. Kazi yake anayo. Alichopoteza ni watu wa kuizungumza naye. Upweke huo ni hasara ya kweli, na anayewacheka mashabiki kwamba "ni televisheni tu" hajaufikiria.

Lakini uchungu wa kweli si hoja ya kweli. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alipoingiza Lamu maulidi ya Al-Habshi, ya kusomwa kwa matwari, walikuwapo wakubwa wa mji waliochukizwa. Mazoea yao yalikuwa maulidi ya Barzanji, na ngoma ndani ya msikiti kwao halikuwa jambo dogo. Leo Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, huwaleta watu Lamu kutoka pwani nzima na ng'ambo, na atakayesema matwari yaondolewe ndiye atakayeonekana anavunja mila. Mwacha asili ni mtumwa, twasema. Methali haitwambii asili huanza mwaka gani. Kwa kawaida kila mtu huianzishia utotoni mwake.

Je, dawa ni kutobadilisha chochote? Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, fahari ya mafundi wa Kibajuni, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Mwaka 2003 uliundwa upya Unguja kwa uangalifu mkubwa, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Ni kazi ya kuheshimiwa, kwa kuwa ilifufua ujuzi uliokuwa unazimika. Lakini ulikuwa mtepe wa kutazamwa. Uaminifu usiothubutu kitu huhifadhi umbo, na mzigo ukabaki pwani.

Washairi wetu waliijua njia ya tatu. Katika takhmisi, mtunzi huchukua mistari miwili ya aliyemtangulia akaitia mitatu yake mbele, ubeti ukawa wa mitano. Tazama masharti yake. Mistari mipya hutangulia, kwa hiyo msikilizaji hukutana kwanza na mgeni. Vina vya mgeni huyo hufuata kina cha mstari wa kale atakaoufikia. Na akishasema yote aliyonayo, lazima afike: ubeti hufungwa kwa maneno ya mwenyewe, hayajapunguzwa. Katika mitatu yake yuko huru kuleta zama zake na huzuni yake. Asicho huru nacho ni pa kuishia.

Kwa kipimo hicho, Galactica ya 2003 ilifika. Hadithi ya kale ni ya mabaki ya watu walioteketezewa makwao, wakahama mbingu kwa mbingu wakiitafuta Dunia, na nyuma yao mashine ziitwazo Cylon zinawafukuza. Toleo jipya liliyaacha hayo mahali pake, likawafanya Cylon kuwa kazi ya mikono ya binadamu, wengine kwa sura ya binadamu hasa. Hofu ya adui wa mbali ikawa hofu ya anayeketi nasi kwenye sinia. Starbuck alikuwa katika mistari mitatu. Waliomlilia walikuwa wameshika kisichobeba kitu.

Ipo pia njia ya kutochukua jina kabisa. Mwana Kupona alimuusia bintiye kwa utendi mnamo 1858. Katika miaka ya 1970 Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu akatunga Wasiya wa Mabanati, akiwausia mabinti wa zama nyingine wenye hatari nyingine. Kazi aliyoishika ni ile ya Mwana Kupona, jina hakulichukua. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumdai kwamba si vile alivyozoea.

Mpenzi wa kazi ya kale, basi, ana haki moja, na ni kubwa: kudai fikra iliyoibeba kazi ifikishwe. Sura za waigizaji na muziki wa kufungulia ni mazoea yake, na mazoea hayamfungi mtu mwingine. Kabla ya kulalama aseme kwanza sindano ni ipi. Wengi wakiulizwa hivyo watajikuta wanadai utoto wao. Naye muundaji ajue kwamba jina alilolitwaa limemletea watazamaji ambao yeye hakuwatafuta, na mkopo huo hulipwa. Anayeona malipo ni mazito ana njia isiyo na aibu: abuni hadithi yake, aipe jina lake, aone kama itapendwa bila mdhamini.