Wanangu, Namba Haipandi Yenyewe

Wanangu watahiniwa, nisikilizeni! Nimesahihisha karatasi zenu za ikolojia hadi usiku wa manane, na moyo umeniuma. Wavivu si ninyi. Maana ya idadi ya viumbe mmeikariri neno kwa neno, na vizuizi vyake mnavitaja pasipo kukosea hata kimoja. Lakini swali lilipowapa jedwali na kuuliza kwa nini namba zimepanda, kalamu zilisimama.

Namba haipandi yenyewe! Milango ni minne tu: kuzaliwa na kuhamia huongeza, kufa na kuhama hupunguza. Kabla hujaandika neno, jiulize ni mlango upi umeguswa, na umeguswa na nini.

Twendeni Serengeti. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa yapata 250,000. Kufika 1977 walikuwa kama milioni 1.3. Mwenye haraka ataandika "chakula kingi" na kufunga karatasi. Ngoja, mwanangu! Mvua za kiangazi za miaka ya 1970 zilisaidia kweli, lakini nyumbu walianza kuongezeka kabla yake. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia nchi hizi karibu na mwaka 1890, ulikuwa ukiua ndama wa nyumbu miaka nenda miaka rudi. Ng'ombe wa wafugaji wa pembezoni wakachanjwa, ugonjwa ukakatika, na ndama wakaishi hadi nao wakazaa. Hakuna aliyemdunga nyumbu sindano! Mlango wa vifo ulibanwa kwenye zizi la ng'ombe, na mbuga nzima ikajaa.

Na kwa nini hawakufika milioni kumi? Hapo ndipo alama zilipo. Kiangazi kikiwa kikali nyasi hupungua, midomo ni mingi, kila mnyama hupata kidogo, na wadhaifu hufa. Kadiri wanavyozidi kuwa wengi ndivyo kizuizi hicho kinavyokaza. Ndiyo maana mchoro unapinda juu na kulala kama herufi S. Ukame nao huua, lakini wenyewe hauulizi kwanza kama nyumbu ni wengi au wachache. Kinachoutegemea wingi ni ule ugomvi wa nyasi chache zilizobaki. Ukishika tofauti hiyo, hakuna swali la vizuizi litakalokutisha.

Sasa njooni kwenye uwanja wa shule, umande haujakauka, tukamate panzi ili tukadirie idadi yao. Tumepata 80. Kila mmoja tumemtia nukta ya rangi mgongoni, tukawaachia. Kesho yake tumekamata 60, na kati yao 12 wana nukta. Zidisha 80 kwa 60, gawanya kwa 12: panzi 400. Hesabu hiyo mnaiweza wote. Lakini mtahini atauliza, je, kama alama ilikuwa ya chaki na mvua ya usiku ikaifuta? Sasa kati ya wale 60 unaona wanne tu wenye alama. Gawanya tena: panzi 1,200! Uwanja ni uleule, panzi ni walewale, na 800 wa uongo wamezaliwa na chaki. Ukiyaona hayo kwa macho yako, hutahitaji kukariri kwamba alama isifutike, isimdhuru mnyama wala kumwonyesha kwa ndege, kwamba walioachiwa wapewe muda wa kuchanganyika na wenzao, na kwamba asiwepo anayeingia wala kutoka. Utayaandika kwa sababu unayajua.

Nawasihi, acheni kunakili maelezo ya mwalimu mara ya tatu! Usiku huu chukua karatasi tupu, chora ule mpindo wa nyumbu, na kwenye kila kona andika sababu iliyoupinda. Kisha mpe mwenzako aisome bila wewe kumweleza neno. Asipoelewa, chora tena.