Chache, Adimu na Tunu

Mwaka jana mwalimu mwenzetu mmoja, mstaafu, alitujia nyumbani na kijisanduku cha mbao kilichotandikwa mahameli ndani. Juu ya mahameli ililala sarafu ya dhahabu, ndogo kuliko nyingi za sarafu tunazotembea nazo mifukoni, na chini yake cheti kilichotiwa sahihi. Sarafu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu, wala haikukusudiwa kwenda sokoni. Nchi iliyoitoa ni kisiwa cha mbali ambacho mwenzetu hajapata kukikanyaga. Aliletewa na mwanawe aliyeko ughaibuni. Cheti kilieleza kwamba zilipigwa sarafu elfu tano tu, na kwamba hazitapigwa tena. Swali lake lilikuwa fupi: "Mjukuu wangu anadaiwa karo ya muhula huu. Niiuze, au niiweke? Kitu kichache namna hii, si lazima thamani yake ipande?"

Tulimwomba atupe siku tatu, maana swali lilikuwa zito kuliko tulivyodhani tulipolisikia.

Yatupasa tuanze na lugha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu. Tunapofundisha visawe, wengi wetu huandika ubaoni "chache" na "adimu" kana kwamba neno moja laweza kukaa mahali pa jingine. Twakosea. Chache ni habari ya hesabu. Mtu aweza kuijua kwa kuhesabu vidole. Adimu ni habari ya watu: kitu huadimika pale kinapotafutwa kisipatikane. Ndara za mguu mmoja zilizotupwa jalalani ni chache, wala hakuna asemaye kwamba zimeadimika. Chumvi ni nyingi mno duniani, lakini daraja likivunjika na malori yasipite, huadimika kwa juma moja na mji mzima ukalia. Kisha kuna neno la tatu, tunu, yaani kile ambacho mtu hukitunza kwa kukipenda, hata kama jirani hangekitolea senti. Cheti kile kilisema kweli kuhusu neno la kwanza. Mwenzetu alisikia la pili. Na mwanawe, bila shaka, alikusudia la tatu.

Je, uchache waweza kuzaa thamani? Waweza, na tusimdanganye mtu kwa kukana. Mwaka 1997 Marekani ilitoa sarafu ya dhahabu ya dola 5 kumkumbuka Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli ambaye mwaka 1947, alipoingia katika timu ya Brooklyn Dodgers, alivunja mwiko uliokuwa umewazuia watu weusi kucheza katika ligi kuu za nchi hiyo. Sheria iliruhusu zipigwe sarafu 100,000. Zilizonunuliwa hazikufika 30,000: zile zilizong'arishwa mfano wa kioo zilikuwa 24,072, na zile za mng'aro wa kawaida 5,174 basi. Sababu haikuwa chuki juu ya Robinson. Watu walikuwa wamechoka. Miaka miwili iliyotangulia serikali ilikuwa imemwaga sarafu za kumbukumbu za Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, moja baada ya nyingine, hata Bunge likapitisha sheria mwaka 1996 kwamba kuanzia 1999 zisitolewe kumbukumbu zaidi ya mbili kwa mwaka. Isitoshe, sarafu ya Robinson iliuzwa kama dola 200, ilhali dhahabu iliyokuwamo, gramu saba na nusu, haikufika dola 90 kwa bei ya siku zile.

Basi wale 5,174 wakawa na bahati wasiyoitazamia. Walikuwapo wakusanyaji waliotaka kila sarafu ya dola 5 ya kumbukumbu iliyotolewa tangu mwaka 1986, na kila mmoja wao alipofika kwenye 1997 alikuta pengo. Pengo lile ndilo lililouzwa kwa maelfu ya dola. Ajabu ya jambo hili ni kwamba walioipandisha sarafu hiyo bei ni wale waliokataa kuinunua.

Lakini baadaye bei hiyo ilishuka, wakati dhahabu yenyewe ikizidi kupanda. Na mwaka 2017 Marekani ilipotoa sarafu nyingine ya dola 5, kuadhimisha miaka 100 ya Boys Town, makao ya watoto yaliyoko Nebraska, zile za mng'aro wa kawaida zilinunuliwa chache kuliko hata za Robinson. Kwa hesabu ya cheti cha mwenzetu, hizo zingepaswa kumpita Robinson kwa bei. Hazikufanya hivyo. Dhahabu ilikuwa ghali, na waliotaka kujaza kila pengo walikuwa wamepungua. Zilikuwa chache, hazikuadimika.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki mfano haukosekani. Papa Paulo wa Sita alipozuru Uganda mwaka 1969, zilitolewa sarafu za kumbukumbu, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya dhahabu, ya shilingi 1000, yenye uzito wa zaidi ya gramu 130. Mwaka 1987 fedha ya Uganda ilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Maana yake ni kwamba kwa maandishi yaliyo usoni mwake, sarafu ile ni sawa na shilingi 10, ambazo leo hazinunui hata peremende. Kwenye mizani ya sonara ni mali nyingi sana. Lakini mizani hiyo ingesema vivyo hivyo kama dhahabu ile ingekuwa bangili.

Labda msomaji atauliza: kosa liko wapi? Muuzaji alitaja idadi ya kweli, mnunuzi akanunua kwa hiari yake. Sisi twaona kwamba kosa lipo, ijapokuwa hakuna hakimu awezaye kulishika. Anayeuza uchache alioutengeneza mwenyewe anauza mapenzi ya watu ambao hajawaona na ambao pengine hawajazaliwa. Hawezi kuyaahidi, na ndiyo maana hayaandiki. Huandika idadi, akaacha neno "adimu" liingie lenyewe katika moyo wa mnunuzi. Ukweli uliopangwa ili mtu aelewe uongo una jina gani? Hapa nasi walimu tujichunge, maana hata sisi huwaambia wazazi kwamba nafasi shuleni ni chache.

Kuna jambo la Robinson lililotusumbua zaidi ya bei. Sehemu ya fedha za mauzo ya kwanza ilikusudiwa kwa wakfu wenye jina lake, unaowasomesha vijana katika vyuo. Kila sarafu iliyoachwa bila kununuliwa mwaka 1997 ilipunguza fungu la wanafunzi hao. Ziliponadiwa baadaye kwa maelfu, fedha zilipita mikononi mwa muuzaji na mnunuzi, wala mwanafunzi hakuongezewa daftari. Watu wakasema sarafu ya Robinson imepata heshima. Sisi hatujui ni heshima gani hiyo inayoanza siku ambayo msaada umekwisha.

Siku ya tatu tulikwenda na mwenzetu kwa sonara. Sonara aliipima sarafu, akaikwaruza kidogo ukingoni, akataja bei ya dhahabu kwa gramu. Mwenzetu akamnyoshea cheti. Sonara alikisoma mpaka mwisho, kwa adabu, akakirudisha.

"Mama, hiki hakina uzito," alisema.

Mwenzetu aliuza. Fedha zilitosha karo ya muhula ule na wa pili, zikabaki za sare. Alitueleza njiani kwamba mwanawe hakupenda aliposikia, akamjibu kwamba sanduku angali nalo, na kwamba hilo la mbao ndilo analolipenda. Anatia miwani yake humo. Cheti alituachia sisi. Tulikipeleka darasani, tukawataka wanafunzi wakitafsiri kwa Kiswahili. Nusu yao waliandika "chache", nusu wakaandika "adimu", na kengele ikalia wakiwa bado wanabishana.