Mkono Unaojua Kuondoka

Je, kumsaidia mtu ni wema siku zote? Swali hili lilinikuta darasani, upande wa Kitanga, nilipokuwa mwalimu msaidizi wa watoto wadogo.

Huku Kasulu na Kibondo watoto wengi hulelewa kwa Kiha. Wakifika shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo wengine huisikia kwa nadra nyumbani. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza, ulilitazama tatizo hili katika mikoa kadhaa, Kigoma ukiwamo. Vijana wa vijijini walichukuliwa kuwa walimu wasaidizi wa jamii, wawaandae kwa darasa la kwanza watoto waliokosa elimu ya awali. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza, watoto walifurika madarasani, na jicho la pili likahitajika zaidi.

Miongoni mwa watoto wangu alikuwapo mmoja mkimya sana. Nilimfasiria kila neno kwa Kiha. Alipositasita kuandika, niliushika mkono wake nikauongoza. Daftari lake likawa safi, nami nikasifiwa. Siku moja mama yake alinisimamisha njiani akasema, "Mwalimu, asante. Nyumbani anasema bila wewe hawezi."

Yeye alinishukuru, mimi niliona haya. Wiki iliyofuata niliugua homa. Niliporudi niliambiwa kuwa kwa siku tatu mtoto hakugusa penseli, akaa tu akitazama mlango. Hapo nikajiuliza: lile daftari safi lilikuwa la nani?

Nilibadili mwendo. Kiha sikukiacha, maana mtoto hawezi kujibu swali asilolielewa. Lakini mkono wake niliuacha. Nilimpa maharage, nikamwambia ahesabu, kisha nikangoja. Alilia mbele ya wenzake. Wapo waliocheka, nami nikawakanya. Usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa machozi ya mtoto si jambo dogo, na mtu mzima asiyeyaogopa hafai kukaa na watoto. Siku ya nne aliandika 5, imegeuka kulia kushoto. Ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa yake.

Tangu hapo nimeamini kwamba misaada ni ya aina mbili, ingawa kwa nje inafanana. Upo msaada wa kumwezesha mtu afanye, na upo msaada wa kumfanyia. Wa kwanza ni kama daraja: mtu hupita akaenda zake. Wa pili humzoesha kungoja. Ubaya ni kwamba huu wa pili ndio unaoleta sifa haraka, tena humpendeza mwenye kuutoa, kwani nani asiyependa kuhitajiwa?

Sisemi kwamba mtoto aachwe ahangaike peke yake. Asiyesaidiwa hukata tamaa, na shule humpoteza. Nasema kwamba anayesaidia hana budi kujiuliza kila siku: leo ananihitaji kidogo kuliko jana? Kama jibu ni hapana, basi pengine ninajisaidia mwenyewe.

Mpenzi msomaji, swali hili si la darasani tu. Wazazi, viongozi na wafadhili nao linawahusu. Mkono mwema hujulikana kwa namna unavyoshika. Hujulikana zaidi kwa namna unavyoachia.